Mwongozo kwa mtunzi wa nyimbo: kutoka kaunta buku hadi mirabaha

Nilikuwa nimesimama ndani ya daladala ya Mwenge–Posta, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika nauli, redio ikaanza kupiga wimbo wangu. Kiitikio changu, vesi zote mbili zangu, hata ule mguno wa kabla ya kiitikio niliubuni mimi jikoni nikisubiri maji yachemke. Konda aliuimba wote. Ulipoisha, mtangazaji akataja jina la mwimbaji, akataja la produsa, akaenda kwenye tangazo la sabuni. Mimi nilikuwa nimelipwa shilingi 50,000 mkononi, nje ya geti la studio, bila karatasi yoyote. Nilishuka kabla ya kituo changu nikamalizia safari kwa miguu.

Tangu siku ile nimewaandikia waimbaji wengi, na sijatoka studio hata mara moja bila karatasi iliyosainiwa. Mwongozo huu ni kwa kijana anayejua kuandika, ambaye pengine sauti yake si ya jukwaani, na anataka utunzi uwe kazi ya kumlisha. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi. Aliye Nairobi au Kampala atabadilisha majina ya ofisi, mengine ni yale yale.

Hatua ya 1: Anza na mdomo, kalamu ifuate

Washa kinasa sauti cha simu, piga biti au gonga meza, uimbe chochote kinachokuja. Maneno yasiyo na maana yanaruhusiwa kabisa. Paul McCartney alipoamka na melodi ya "Yesterday" kichwani, aliishikilia kwa muda mrefu kwa maneno ya mayai ya kuvuruga, mpaka maneno yenyewe yalipopatikana. Ukisubiri sentensi nzuri kwanza, melodi itakuwa imeshapotea.

Melodi ikishakaa, ndipo kaunta buku inafunguliwa. Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo watunzi wengi wapya wanapoangukia bila kujua kilichowaangusha.

Waliosoma ushairi shuleni wanajua mizani: unahesabu silabi, mishororo inalingana, vina vinakubaliana. Kwa shairi la kughani inatosha. Kwa wimbo wenye mdundo haitoshi, kwa sababu Kiswahili kina mkazo, na mkazo huo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Biti nayo ina mapigo mazito. Silabi yenye mkazo ikikosana na pigo zito, msikilizaji anasikia kitu kimepinda hata kama hawezi kukitaja.

Chukua mstari huu: "Nyumbani kwenu nimefika." Silabi tisa. Mkazo uko kwenye ya pili (mba), ya nne (kwe) na ya nane (fi). Useme kwa sauti, ugonge meza kwenye hizo tatu. Sasa mstari wa pili wa vesi: "Mlango wako umefungwa." Usisahau kwamba m ya mwanzo ni silabi kamili, kama ilivyo kwenye mtu na mke. Silabi tisa tena, na mkazo uko pale pale: ya pili, ya nne, ya nane. Melodi ile ile inaubeba bila kubadilisha noti.

Halafu unaandika wa tatu: "Mama yako kaniambia." Hesabu, ni tisa. Kwenye karatasi umeshinda. Uimbe sasa. Mkazo umehamia silabi ya kwanza na ya tatu, na mwimbaji atalazimika kusema "mamá yakó", ambacho si Kiswahili cha mtu yeyote. Nimemwona mwimbaji mzuri akirudia mstari wa namna hiyo mara kumi na tano, produsa akimlaumu kwamba hana masikio, kumbe kosa liko kwenye daftari. Dawa yake: "Mamako jana kaniita." Tisa, na mikazo imerudi kwenye ya pili, ya nne na ya nane.

Kumbuka pia kwamba neno likiongezwa kiambishi mwishoni, mkazo unasogea. Katika moyo uko kwenye mo. Ukisema moyoni umehamia yo. Na kuna maneno machache ambayo mkazo ukisogea maana inabadilika: barabara ya magari ina mkazo kwenye ba ya pili, silabi ya pili kutoka nyuma, lakini ile barabara ya "sawasawa, vizuri kabisa" inakazwa mapema zaidi, kwenye ra ya kwanza. Ukiimba vibaya, mpenzi wako atapendwa kilami.

Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalomfanya mwimbaji akupigie tena. Hatakwambia umepanga mikazo vizuri. Atasema tu, "Nyimbo zako zinaimbika."

Hatua ya 2: Rekodi demo ya kueleweka

Demo haihitaji studio ya gharama. Inahitaji sauti isikike, maneno yasikike, na mwendo uwe ule ule mwanzo hadi mwisho. Rekodi chumbani, nguo zikiwa zimetundikwa ili kupunguza mwangwi. Taja mwanzoni kabisa jina lako, jina la wimbo na tarehe. Jitumie faili hilo kwa barua pepe kabla hujamtumia mtu mwingine. Siku ukibishana na mtu, tarehe ile itakusaidia.

Usitume wimbo mzima kwa mtu usiyemjua. Vesi moja na kiitikio vinatosha kumwonyesha mteja unachoweza.

Hatua ya 3: Karatasi ya mgawanyo, kabla taa ya studio haijazimwa

Kwenye taarab mshairi ni mtu mmoja na mwimbaji ni mwingine, na hakuna anayeona aibu. Watu wanasema wazi shairi ni la fulani. Kwenye Bongo Fleva tumejiletea maradhi: mwimbaji akijulikana kwamba anaandikiwa, anahesabiwa si msanii kamili. Matokeo yake mtunzi anafichwa, na mtu aliyefichwa hadai. Lakini hata katika taarab, tukisema ukweli, noti za kutunza zinaishia mkononi mwa aliyeshika maikrofoni. Mshairi yuko nyuma kule anapiga makofi.

Kwa hiyo karatasi. Mimi nachana ukurasa wa kaunta buku, naandika vitu hivi kwa mkono: jina la wimbo, tarehe na mahali, kila aliyechangia utunzi, kwa jina lake la kwenye kitambulisho cha NIDA na jina la kazi pembeni, alichofanya, kama ni maneno, melodi au muziki, asilimia yake, namba ya simu, saini. Asilimia zikijumlishwa lazima zitoke 100. Kisha kila mmoja anaupiga picha ukurasa ule kwa simu yake palepale. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Asilimia ngapi? Desturi iliyoenea duniani ni nusu kwa maneno na nusu kwa muziki, yaani melodi na mpangilio uliotungwa. Tuseme umeandika maneno yote na melodi mmeijenga na produsa, naye mwimbaji akabadilisha nusu ya vesi ya pili. Mnaweza kukubaliana wewe 50, produsa 25, mwimbaji 25. Wimbo ukiingiza mirabaha ya utunzi, yaani malipo ya mtunzi kila wimbo wake unapotumika, shilingi 400,000, wewe unapata 200,000 na wao 100,000 kila mmoja. Kubadilisha neno moja hakumfanyi mtu kuwa mtunzi. Kuleta pesa ya studio pia hakumfanyi. Hiyo inampa haki kwenye rekodi, na tutaifikia.

Uliza pia biti imetoka wapi. Kama imepakuliwa mtandaoni, ina leseni yake, na mara nyingi leseni hiyo hiyo imeuzwa kwa watu wengine mia. Omba uione na uisome. Nimeshuhudia wimbo ukishushwa wiki ya tatu, ukiwa umeshika kasi, kwa sababu mwenye biti alijitokeza kutoka nchi nyingine.

Utaogopa kuleta karatasi mara ya kwanza. Mimi niliogopa. Nilijua produsa atasema naleta uswahili, au kwamba simwamini. Njia niliyoizoea ni kuitaja mapema, tunapopanga siku ya sesheni, kwa sauti ya kawaida: "Kaka, nitakuja na ile karatasi ya majina, tutajaza tukimaliza." Ikishatajwa kabla, haigeuki ugomvi baadaye.

Hatua ya 4: Jua unauza nini na unabaki na nini

Ndani ya ngoma moja mna mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodi, ambavyo vinaweza kuimbwa na mtu yeyote kesho na bado vikawa vyako. Ya pili ni rekodi, ile tunayoiita masta: sauti zilizonaswa siku ile, kwa pesa za aliyelipia. Mwimbaji au lebo anaweza kumiliki masta yote na wewe ukabaki na utunzi wako. Vijana wengi wanasaini karatasi iliyoandikwa "haki zote" wakidhani wanatoa masta, kumbe wametoa vyote viwili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Dolly Parton wa Marekani. Aliandika "I Will Always Love You", ikatoka 1974. Elvis Presley akautaka. Meneja wake akamwambia Dolly kwamba Elvis haimbi wimbo mpaka apewe nusu ya haki za uchapishaji, yaani za ule utunzi. Elvis, fikiria, wakati ule! Dolly alikataa, na amesimulia mwenyewe kwamba alilia usiku ule. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba kwa ajili ya filamu ukaenea dunia nzima, na haki zilikuwa bado mikononi mwa aliyeuandika.

Ukirudi kwa mteja wa hapa Dar, tuseme mwimbaji wa Sinza, mazungumzo yako yawe hivi. Malipo ya mkononi ni ujira wa kazi ya kuandika. Asilimia ni umiliki. Ni mambo mawili, yaandikwe mistari miwili tofauti. Kama hana pesa ya mkononi, asilimia yako ibaki kubwa. Kama analipa vizuri, unaweza kulegeza kidogo. Akitaka kununua kila kitu moja kwa moja, usijibu siku hiyo. Nenda nyumbani, lala, umwonyeshe mtu mwingine karatasi. Na hata ukiuza, dai jina lako litajwe: haki ya mtunzi kutambuliwa imo ndani ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1928, na haiendi pamoja na pesa.

Hatua ya 5: Sajili

Hakimiliki haizaliwi ofisini. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya 1999, kazi inalindwa kwa sababu tu umeitunga. Usajili ni ushahidi, na ni mlango wa kulipwa. Tanzania Bara unakwenda COSOTA, Zanzibar ni COSOZA. Kenya kuna KECOBO kwa usajili, na mirabaha ya watunzi kwa miaka mingi ilikuwa ya MCSK. Uganda ni UPRS, Rwanda ni RSAU. Kazi ya BASATA ni nyingine: inasajili na kusimamia wasanii na shughuli za sanaa. Kuwa na cheti cha BASATA hakumaanishi wimbo wako umesajiliwa, na nimekutana na watu wazima waliochanganya hayo kwa miaka.

Nenda na kitambulisho, maneno ya wimbo yaliyochapwa, rekodi, na ile karatasi ya mgawanyo. Andika jina lako kwa herufi zile zile kila mahali. Ukiwa "Juma A." huku na "Jumaa" kule, mfumo unaona watu wawili, na fedha ya yule wa pili haina mwenyewe.

Mtu akikwambia usajili ni usumbufu, mkumbushe "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi, na jina lake limeandikwa kama mtunzi. Mtanzania Adam Salim alidai kwamba aliutunga yeye. Wameimba Miriam Makeba na Boney M, dunia imeuzunguka wimbo huo, na bado mpaka leo ukikaa na wazee wa muziki ubishi unaanza upya.

Hatua ya 6: Fuata fedha zilipo

Mwaka 1847, mtunzi Mfaransa Ernest Bourget aliketi na wenzake kwenye mgahawa wa Les Ambassadeurs, Paris, bendi ikapiga kazi yake. Bili ilipokuja akakataa kulipa. Akasema: ninyi mnatumia muziki wangu bila kunilipa, basi nami nimekunywa chenu. Kesi ikaenda mahakamani, akashinda, na mwaka 1851 ikaanzishwa SACEM, chama cha kukusanya mirabaha ambacho kipo hadi leo. Kila baa ya Kinondoni inayodaiwa leseni ya muziki inadaiwa kwa hoja ile ile ya Bourget.

Hiyo ni njia ya kwanza ya fedha: wimbo kupigwa hadharani, redioni, kwenye runinga, hotelini, ukumbini. Ya pili ni wimbo kunakiliwa na kusikilizwa kwenye majukwaa kama Boomplay, Spotify, Apple Music na YouTube, pamoja na miito ya simu. Ya tatu ni wimbo kuwekwa kwenye filamu au tangazo la biashara. Hapo mtumiaji anahitaji ruhusa mbili, ya utunzi na ya masta, na bei ni ya makubaliano. Usikubali wimbo uingie kwenye tangazo kwa ahadi ya "kukutangaza".

Kwenye majukwaa, anayepakia ni msambazaji wa mwimbaji. Wakati wa kupakia kuna nafasi ya kujaza waandishi. Kaa karibu na anayepakia, hakikisha jina lako limejazwa kama lilivyo kwenye karatasi. Omba nakala ya ISRC, namba yenye tarakimu na herufi 12 inayotambulisha rekodi. Utunzi nao una namba yake, ISWC, inayoanza na T, na hutolewa kupitia chama cha mirabaha. Rekodi tatu za wimbo mmoja zitakuwa na ISRC tatu na ISWC moja. Ndiyo maana mtu akiurudia wimbo wako akiwa Muscat au Minneapolis, bado unaweza kupatikana.

Mimi nina ukurasa mmoja kwa kila wimbo: jina, ISRC, ISWC, asilimia, tarehe ya kutoka, na nilichopokea kila mara. Naujaza Jumapili jioni. Mara mbili nimegundua malipo yaliyoruka kipindi kizima kwa sababu ya ukurasa huo, nikaandika barua, yakaja.

Hatua ya 7: Pata wateja wa mwanzo

Usisubiri nyota. Kwaya zinatafuta nyimbo mpya kila mwaka. Harusi zinataka wimbo wenye majina ya bwana na bibi. Duka la simu linataka tangazo la sekunde thelathini la redio. Kazi hizi zinalipa haraka na zinakufundisha kuandika kwa oda, kwa muda, kwa sauti ya mtu mwingine. Mwimbaji akikuita, mwombe akuimbie noti yake ya juu na ya chini kabla hujaandika chochote, ujue eneo lake. Fika kwa wakati. Produsa wana kumbukumbu ndefu.

Hatua ya 8: Waandikie warithi

Johannesburg, 1939, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi "Mbube" kwa kampuni ya Gallo. Haki zake aliziachia kwa shilingi 10. Wimbo ukafika Marekani, ambako Pete Seeger alisikia Kizulu uyimbube, yaani "wewe ni simba", akaandika "wimoweh". Mwaka 1961 ukawa "The Lion Sleeps Tonight", mwaka 1994 ukaingia kwenye The Lion King. Linda alifariki 1962 akiwa maskini. Familia yake ilikuja kufungua kesi 2004, ikitumia kifungu cha sheria ya zamani ya Uingereza ya 1911 kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa, na mwaka 2006 wakafikia makubaliano ya kulipwa.

Kwetu hakimiliki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Wajukuu wako wanaweza kusoma kwa wimbo ulioandika ukiwa na miaka ishirini na mbili, mradi wajue upo na ofisi gani inaufahamu. Uorodheshe kwenye wosia kama unavyoorodhesha kiwanja.

Kaunta buku zangu ziko nane sasa. Ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na hati ya nyumba na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Binti yangu mkubwa anajua ufunguo uko wapi, na mwezi uliopita nilimketisha nikamfundisha kusoma safu ya asilimia.